Nguruwe Mwenye Meno Mazuri

Mgeni alishuka kwenye treni ya Kasese Jumanne moja ya mwaka 1967, akiwa na bunduki mbili, kofia mpya na leseni ya kuua mnyama mmoja. Kwao alikuwa daktari wa meno, hajapata kuwinda hata panya. Njia nzima hadi Bwera alikuwa akibadili nia: tembo, hapana, nyati, hapana, chui.

Yosamu, aliyeajiriwa kumfuatia nyayo za wanyama, alikuwa ameshaamua zamani. Alimtaka nguruwe pori aliyekuwa akimaliza muhogo wake. Mwaka uliotangulia alimchoma mkuki ndugu wa nguruwe huyo, ndani ya shamba lake mwenyewe, akafungwa miezi minne kwa kukosa leseni. Sasa leseni imekuja yenyewe, imekaa kiti cha mbele cha gari, imevaa kofia. Yosamu alipiga mluzi hadi nyumbani.

Kabla ya kuwinda, Wakonzo, watu wa kabila la Yosamu, humwekea Kalisya, mchungaji wa wanyama wa porini, ndizi katika kibanda chake kidogo, wakamtajia mnyama mmoja wanayemwomba. Yosamu aliweka ndizi. Lakini aliona haya kumwamulia mgeni, akasema tu, "Atajichagulia mwenyewe."

Basi asubuhi walikuja wote. Walipanga foleni kutoka mlango wa jiko hadi barabara ya Mpondwe: tembo, nyati, kuro, viboko wakichuruzika maji, na chui aliyejilaza kwa kuchoka kungoja. Bulandina, mke wa Yosamu, aliwaomba wasogee kidogo aanike nguo. Wakasogea. Ezironi, askari wa wanyamapori, alishuka kwenye baiskeli yake.

"Hapana sukuma! Moja nyuma ya moja!"

Mgeni alitoka na kikombe cha chai, akacheka mpaka chai ikamwagika, kisha akafanya kazi anayoijua. Alianza kuwafungua midomo. Kiboko mmoja alikuwa na jino bovu, akaling'oa kwa koleo la Yosamu. Tembo wakapigapiga masikio kumshangilia. Watoto wa Yosamu nao wakajipanga nyuma ya chui, wakaachama. Mgeni akatikisa kichwa, akasema fizi zao zinaonyesha hawali vya kutosha.

Nguruwe alikuwa wa mwisho, kipande cha muhogo kingali mdomoni.

"Huyu, bwana," Yosamu alisema. "Huyu iko mwizi. Anakula chakula ya batoto."

Mgeni alimkagua kwa muda mrefu.

"Meno safi kabisa!" alisema. "Huyu anakula vizuri. Kumuua ni dhambi."

Akamchagua kuro, kwa ajili ya pembe. Kuro akawaaga wenzake, akatangulia njia. Saa nne kichwa na nyama vilikuwa garini, maana leseni ilikuwa ya mgeni. Wanyama wengine walirudi makwao, isipokuwa nguruwe, aliyeingia shambani kwa Yosamu.

Bulandina alichukua mkuki nyuma ya mlango. Ezironi akakohoa.

"Mama, leseni iko wapi?"

"Haiko, afande."

"Basi weka."

Akaweka.

Mgeni, kabla ya kuondoka, aliwagawia watoto miswaki, kila mmoja na wake. Walipiga mswaki jioni hiyo kwa shangwe kubwa, wamejipanga ukingoni mwa shamba, wakimtazama nguruwe akitafuna. Kisha wakaenda kulala, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kungoja.