Mafuta ya Koo kwa Watu Sita

Wakubwa wa kampuni ya bia walileta mashine ya kuagizia vinywaji pale kwenye baa yetu, Farasi Kijivu, siku ya Jumatatu, wakaisimika karibu na mlango, kioo chake kinawaka kutwa. Hawakumuuliza mtu. Wakubwa huwa hawaulizi. Waliufunga mgodi wetu bila kuuliza. Mke wangu Beryl alisubiri barua ya hospitali miezi saba, ikafika wiki mbili baada ya mazishi. Kwa hiyo nilipoiona ile mashine nikajua ni ya ukoo uleule.

Amri ilikuwa hivi: kila mnywaji aguse kioo, achague chake, alipie chake, akae asubiri. Denise Thackray, anayeendesha baa, alikatazwa kupokea oda kwa mdomo. Nyumba ni ya kampuni, yeye mpangaji tu. Wateja wakiigomea mashine, mkataba wake hauandikwi tena, na anaishi juu ya baa hiyohiyo na mama yake asiyeweza kushuka ngazi.

Mtasema, si mguse tu hicho kioo yaishe? Hapa Barnsley, mji wa migodi kaskazini mwa Uingereza, mtu hajinunulii bia. Unawanunulia wote uliokaa nao, kisha anafuata mwenzio, kisha mwingine, mpaka raundi iwazungukie wote. Anayekunywa za wenzake akaondoka kabla ya zamu yake, jina lake linaharibika mpaka kwa wajukuu. Na anayejinunulia peke yake mbele ya wenzake, heri angevua suruali.

Halafu kuna majina. Painti, yaani glasi kubwa, ya bia chungu sisi tunaiita mafuta ya koo. Ile kali ni kipigo. Ile laini, nyeusi, ni sikio la nguruwe. Nusu painti ya mtu anayejifanya ana haraka ni ya chapchap. Na mtu akilewa hatusemi kalewa, tunasema kawa bundi wa kuchemsha. Beryl alikaa nyuma ya kaunta ile miaka ishirini na tisa, aliyajua yote na mengine aliyatunga mwenyewe. Mimi shule niliacha na miaka kumi na tano. Chini mgodini ilikuwa ndiyo bwana, ndiyo bwana, kutwa nzima. Tukipanda juu tukaingia Farasi Kijivu, maneno yalikuwa yetu. Mpaka leo sijaona profesa aliyetunga neno zuri kama bundi wa kuchemsha.

Jumanne saa sita mchana akaja Bwana Prentiss, mkaguzi wa kampuni, kijana wa suti ya bluu na viatu vyembamba. Alitukuta wanaume watano mezani, glasi kavu.

“Mbona hawa hawanywi?” akamuuliza Denise.

“Waulize wenyewe, bwana.”

“Tuko msibani,” akasema Clem Sugden, rafiki yangu tangu mgodini.

“Poleni. Amefariki nani?”

“Bado hajafa. Amesimama pale mlangoni, anawaka taa.”

Tulicheka. Denise hakucheka. Alikuja akainama sikioni kwangu. “Mzee Norris, nakuomba. Guseni hicho kioo hata mara moja. Jioni anaandika ripoti yake.” Macho yake yalikuwa mekundu.

Nikaona wazi. Ugumu wetu ungemtupa nje yeye, si Prentiss. Nikasimama.

“We Norris!” Clem akafoka. “Usithubutu! Beryl angekuonaje?”

“Beryl angenitangulia. Kaa chini.” Nikamgeukia mkaguzi. “Bwana, unakunywa nini?”

“Mimi? Ah, niko kazini.”

“Bahati yako. Sisi walitufukuza.”

Akaona haya. “Basi, nusu tu. Asante sana, mzee.”

Clem akaanza kutabasamu polepole. Kijana hakujua amekubali nini.

Nikaenda kwenye mashine, nikaandika kwa kidole kimoja: mafuta ya koo. Ikajibu, hakuna kinywaji hicho. Nikaandika kipigo. Hakuna. Prentiss akaja mbio.

“Mzee, hivi ni vitu gani?”

“Ni oda.”

Denise akashindwa kuvumilia. “Mafuta ya koo mawili, Norris na Percy! Kipigo cha Clem! Sikio la nguruwe la Walt, na la Arnold kwenye kikombe chake cha bati, glasi humponyoka!”

Prentiss akatafuta majina ya kampuni, moja moja, Denise akimtafsiria. Kwa kuwa mashine inataka kila mtu alipie chake, ikabidi nipitishe kadi yangu mara sita. Kwa muda ule tungeweza kuchimba shimo la mgodi.

Bia zilipofika akaketi nasi. Arnold akamsimulia habari ya bundi wa kuchemsha aliyelala ndani ya kibanda cha njiwa akidhani ni kwake. Kijana akacheka mpaka machozi. Kisha akatazama saa, akachukua mkoba.

“Haya wazee, asanteni.”

Walt akaweka glasi chini.

“Anaondoka,” akasema Clem.

“Naona,” nikasema.

“Na nusu painti yetu tumboni.”

Prentiss akatutazama mmoja mmoja. “Nimekosea nini?”

Ningeweza kumwacha aende, jina lake lioze. Nikamwambia, “Kijana, ni zamu yako.”

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Sitamnyima haki yake: aliweka mkoba chini. Akaenda kwenye mashine, lakini sasa wanawake wa kiwanda cha mazulia walikuwa wameingia kwa mapumziko, foleni imefika nje. Akagusa, akakosea, akaanza upya.

“We mwenye suti, unanunua bia au unanunua nyumba?” mmoja akapaza sauti.

“Mwacheni, anaandika wosia!”

Akaliacha lile jini, akaja kaunta.

“Dada Denise, naomba mafuta ya koo mawili. Kipigo cha Bwana Clem. Masikio mawili ya nguruwe, moja kwenye bati. Na mimi ya… ya chapchap.”

Hakukosea hata moja. Nilijisikia kama nimefundisha mtoto kutembea.

Denise akakunja mikono. “Nimekatazwa kupokea oda kwa mdomo, bwana.”

“Na nani?”

“Na wewe.”

Foleni nzima ikacheka. “Basi nimekuruhusu,” akasema.

“Iandike.”

Akaiandika juu ya kaunta, akatia sahihi na tarehe. Denise akaisoma mara mbili, akaitia mfukoni, ndipo akashika mpini wa pampu.

Mkataba wake ulikuja Aprili, wa miaka mitano. Wakubwa siwashukuru, mashine yao ilishindwa na foleni ya saa sita, huruma hawana. Lakini foleni ile iliagiza kwa mdomo mchana kutwa, kwa maneno yetu, na wale wanawake walijua mengine ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia.