Moyo wa Turubai

Vali moja ya moyo wa Raelene Trezise ilikuwa haifungi. Damu iliyotakiwa kwenda mbele, nyingine ilikuwa inarudi nyuma, na daktari alikuwa amesema akapasuliwe mjini Adelaide kabla ya majira ya baridi. Raelene alikuwa amesema haendi.

Hayo ndiyo yote aliyoyaelewa mumewe Kelvin, na hata hayo hakuyaelewa vizuri. Kel alikuwa fundi wa pampu za upepo. Tangu alipoacha shule na kumfuata baba yake kazini, alikuwa akipanda minara ya chuma ya wafugaji wa kondoo, kuanzia mji wa Kooltana mpaka kwenye ziwa la chumvi, akitoa pampu visimani, akibadilisha ngozi zilizochakaa ndani ya vali, akizirudisha. Vali inayovuja aliijua kama anavyokijua kiganja chake. Unaitoa, unatia ngozi mpya, unakunywa chai, unakwenda zako. Lakini hii ya mkewe ilikuwa inavuja tangu lini? Na mbona mwenyewe alikuwa jikoni anakaanga nyama huku anaimba?

"Kama inavuja, mbona hajaanguka?" alimwuliza daktari.

Dokta Prema alikuwa akija mara moja kwa mwezi kwa ndege ndogo, akipokea wagonjwa kwenye ukumbi wa mji, kati ya piano na meza ya mpira wa meza. Mkononi alikuwa na moyo wa plastiki, unaofunguka kama chungwa lililokatwa.

"Hajaanguka kwa sababu moyo unajikaza, bwana Trezise. Damu inarudi, unaipokea tena, unatanuka, unasukuma kwa nguvu zaidi. Utafanya hivyo mpaka uchoke."

"Ukichoka?"

"Ukichoka sana, hata tukibadilisha vali hautarudi ulivyokuwa."

Raelene alikuwa amekaa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri basi. "Mama yangu alikwenda Adelaide kutolewa nyongo," alisema. "Akarudi ndani ya sanduku. Mimi nachoka tu, Dokta. Kwa umri huu nani hachoki?"

Walirudi kwa pikapu mpaka kwenye geti la kwanza.

"Ule moyo wake wa plastiki uliuelewa?" Kel aliuliza.

"Sikuuelewa. Haukusogea hata kidogo. Umekaa tu kama birika."

Kel akafungua geti, akapitisha gari, akalifunga. Raelene hakuwa mtu wa kuambiwa. Ukimwambia mvua inakuja, atatoka nje aone mwenyewe. Basi kama alitaka kuona kitu kinasogea, Kel angemjengea kinachosogea, amtobolee vali mbele ya macho yake, na mtambo ukishindwa kazi mwanamke angepanda ndege. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbini alijisikia anajua anachofanya.

Aliing'oa pampu ya upepo ya malisho ya chini, mnara na gurudumu lake, akausimamisha nyuma ya banda. Kondoo wa kule chini angewapelekea maji kwa tangi. Akachomelea fremu ya chuma ndefu kuliko yeye, akakata mipira ya ndani ya matairi ya trekta afanye vyumba vinne, akafunga wenzo wa kubadilisha mwendo wa fimbo ya pampu, ili ikishuka ibinye vyumba vya chini na ikipanda iviachie. Maji ya kisima chao yana kutu, mekundu yenyewe, hayakuhitaji rangi.

Jirani yao Nev Obst, mzee aliyekata manyoya ya kondoo mpaka mgongo ukagoma, alikuja kutazama na bia yake mkononi.

"Unajenga nini, Kel? Mtambo wa gongo?"

"Moyo."

Nev aliuzunguka. "Wa nani, wa nyangumi?"

"Wa Raelene."

Nev akavua kofia, akaivaa tena. "Wenzako wananunua maua, mzee."

Tatizo la kwanza lilikuwa kushoto na kulia. Dokta alisema vali mbovu iko kushoto. Kel alitazama picha aliyopewa, akaitafuta kushoto, akatoboa mabomba yote kwa hesabu hiyo. Nev ndiye aliyemshtua.

"Ngoja. Huyu mtu wa kwenye picha anakutazama, sivyo? Kushoto kwake ni kulia kwako."

"Moyo hautazami mtu."

"Basi geuka, jifanye wewe ndiye unao."

Kel aligeuka. Akasimama mgongo kwa picha, mkono kifuani, akijaribu kuona kwa kisogo. Halafu akageuka tena. Mwisho akasahau alianzia wapi, akavunja mabomba yote, akaanza upya. Katika kuvunja na kuanza upya, wiki ya joto kali ikapita na yeye hakwenda malisho ya chini. Siku alipokwenda na tangi, alikuta kondoo kumi na mmoja wamelala kuzunguka hori kavu. Alikaa kwenye pikapu na mlango wazi, hajui aanze na nini. Hakuwahi maishani kumwacha mnyama na kiu.

Tatizo la pili lilikuwa mipira. Kila ilipobinywa ilipasuka kwenye gundi. Mara ya tatu ilipompasukia usoni, Raelene alitoka jikoni akifuta mikono.

"Hiyo si kazi ya gundi, ni kazi ya sindano. Niletee turubai."

Kabla hawajaoana, Raelene alikuwa mshonaji wa maturubai ya malori. Alikata vyumba vinne vya turubai nzito, akavishona kwa uzi wa nta, mishono miwili miwili, na ndani wakapaka lami. Alishona kidogo, akaweka sindano chini, akatazama uwanja kama mtu anayekumbuka jambo, akaendelea. Kel alijua si kukumbuka. Alikuwa anatafuta pumzi. Lakini pia alikuwa anacheka, na kumwita fundi uchwara, na kumwambia chumba cha juu kimekaa kama chupi ya mjomba wake. Ilikuwa siku nyingi hawajakaa pamoja mchana kutwa namna ile, na Kel alijikuta hataki moyo uishe, ilhali siku zilikuwa zinakwenda.

Uliisha. Upepo wa kusini ukalizungusha gurudumu, fimbo ikashuka, vyumba vya chini vikabinyika, na maji mekundu yakaonekana ndani ya mabomba ya plastiki angavu yakitoka upande huu, yakizunguka, yakiingia upande ule. Ulikuwa unatweta kama ng'ombe. Raelene alisimama mbele yake muda mrefu, midomo wazi.

"Mimi nina kitu kama hiki ndani?"

"Kidogo zaidi."

"Mungu wangu, Kel."

Hapo Kel akausimamisha, akafungua mlango wa kushoto, wa kushoto kweli, akaikata ngozi ya vali kwa kisu, kipande kama cha keki. "Sasa tazama," akasema. "Hivi ndivyo ulivyo wewe."

Akaliachia gurudumu. Maji yakaanza kurudi nyuma, wote wawili waliyaona yakiruka kwenye chumba cha juu cha kushoto kila fimbo iliposhuka. Kel alisubiri moyo ushindwe. Haukushindwa. Maji yaliyotoka mbele yalipungua kidogo. Kisha upepo ukaongezeka, gurudumu likaenda mbio, maji yakawa yale yale.

Alisubiri mpaka chai ikapoa. Raelene akavuta kiti.

"Unavuja," alisema.

"Ndiyo."

"Na unafanya kazi."

 Kesho yake unafanya kazi. Wiki ile yote unafanya kazi. Watu walianza kuja kutoka mashamba ya jirani na keki zao na viti vyao, na Raelene akiwaonyesha kwa kijiti: "Hapa ndipo panapovuja. Mnaona? Na haujali." Mwezi ule hakwenda ukumbini kwa daktari. "Nitaambiwa nini nisichokiona hapa?"

Ikabidi daktari aje mwenyewe, kwa gari la Nev. Aliutazama moyo kwa utulivu, akagusa turubai.

"Mzuri sana," alisema. "Nauliza tu, bwana Trezise. Moyo huu unachokea wapi?"

"Hauchoki."

"Ndiyo shida yake," alisema Dokta Prema, na kwa kuwa ndege ilikuwa inamsubiri, akaondoka.

Kel alilibeba neno hilo siku nyingi kama jiwe kiatuni. Alipata maana yake akiwa juu ya mnara anapaka grisi. Pampu ya upepo haichoki kwa sababu si yenyewe inayofanya kazi, ni upepo. Ngozi ikivuja, upepo unaongeza mizunguko tu, na upepo ni bure. Ndiyo maana wafugaji humwita fundi mwaka mzima baada ya vali kufa. Moyo hauna upepo nje yake. Kuta zenyewe ndizo zinazofanya kazi. Alishuka mbio kwenda kumwambia Raelene, na alipofika jikoni, maneno yote yakamchanganya.

"Upepo ndio wewe," alisema. "Hapana. Turubai ndiyo wewe, upepo ni... wewe huna upepo."

"Sina upepo?"

"Namaanisha wa nje."

"Kel, nenda ukanywe maji."

Hapo ndipo alipofanya ujinga. Asubuhi yake Raelene alipokuwa anapalilia maua, Kel alipanda mnara akang'oa mapanga matano ya gurudumu, yale mabati yanayoshika upepo, ili mtambo uonekane umechoka. Na kweli ulilegea. Raelene alikuja na kiti chake, akautazama moyo, kisha akautazama mnara. Alikuwa ameishi na gurudumu lile tangu aolewe.

"Umeng'oa mapanga."

"Nilitaka uone—"

"Unanidanganya kwa mashine? Miaka yote hii sijakukuta na uongo, leo unanidanganya kwa bati?" Hakupaza sauti. "Yarudishe. Na usinitajie Adelaide tena ndani ya nyumba hii."

Aliyarudisha. Hakuitaja tena. Na hapo mambo yakazidi kumvuruga, kwa sababu baridi iliingia, upepo ukavuma, na moyo ukaendelea kutweta nyuma ya banda, unavuja na kufanya kazi, na Kel mwenyewe akaanza kuuamini. Ukikitazama kitu kila siku kinafanya kazi, inakuwa vigumu kukumbuka kwamba ni kibovu. Raelene aliacha kutembea mpaka sanduku la barua barabarani, alisema baridi. Alianza kulala na mito mitatu, alisema mgongo. Kel aliitikia yote. Nev alipomwuliza kwenye baa, "Mama anaendeleaje?" alijibu, "Kama ule mtambo," na akadhani amesema habari njema.

Majira ya baridi yalipokwisha, turubai ilipasuka. Kilikuwa chumba cha juu cha kushoto, kile kilichokuwa kinapigwa na maji yanayorudi. Kel alikuta uwanja mwekundu, akaanza kufungua boliti.

"Ni turubai tu," alimwambia mkewe. "Nakuletea nyingine, ukiiunga, ndani ya saa moja tunaendelea."

Raelene alipiga magoti taratibu kwenye matope. Alishika mshono, akaupitisha vidoleni. Uzi ulikuwa mzima. Mshono haukuwa umeachia. Kitambaa chenyewe ndicho kilichokwisha. Akashika chumba cha upande wa pili, kinene, kigumu, kama siku alipokikata. Akarudi kwenye hiki. Kilikuwa kimetanuka karibu mara mbili, na chembamba kiasi kwamba aliona kivuli cha vidole vyake upande wa pili.

"Hivi vilikuwa kipimo kimoja," alisema. "Nilivikata juu ya karatasi moja."

"Ndiyo, lakini ulikuwa unafanya kazi vizuri mpaka jana," Kel alisema. "Mpaka jana, Rae. Labda turubai ilikuwa na kasoro."

"Turubai yangu haina kasoro." Alikuwa ameweka mkono mmoja kwenye kitambaa na mwingine kifuani. "Mpigie yule daktari."

"Ulisema nisitaje—"

"Kelvin. Mpigie."

Walimpasua Adelaide. Hakurudi ndani ya sanduku. Daktari mpasuaji aliwaambia vali mpya ni nzuri, lakini moyo ulikuwa umetanuka muda mrefu mno; kama angekuja mwanzo wa baridi, ungerudi kipimo chake.

Nev ndiye aliyeuliza, siku waliporudi, wakiwa wamesimama mbele ya fremu. "Sasa mzee, mtambo wako ulimwokoa au ulimchelewesha?"

Kel alifikiri kwa haki kabisa. Bila mtambo, labda angeshawishika mapema. Bila mtambo, labda asingekwenda kabisa. Alianza kujibu mara mbili, na mara zote mbili akajikuta anasema kinyume cha alichokusudia.

"Sijui," alisema. "Naujua kila boliti, na sijui."

Kilichojulikana ni gharama. Mnara mmoja wa pampu. Kondoo kumi na mmoja. Majira ya baridi mazima. Kutembea kwa Raelene mpaka sanduku la barua, kubeba beseni la nguo mbichi, kuimba na kupika kwa wakati mmoja, na kushona turubai. Sasa anachagua kimoja kati ya hivyo kwa siku, kisha anakaa.