Marehemu Aliyevaa Shela

Kasyoki alinipigia simu kutoka Kyuso akifoka.

“Wayua! Programu ya mazishi ya baba imeandikwa Mzee Nzioka, lakini picha ni ya bibi harusi!”

Hapa mjini Wote nikafungua seva, nikajitukana. Tovuti yangu ya kutengeneza programu ilihifadhi picha za wateja wote kwa muda, zote kwa jina moja la faili, kwa hiyo mpya ilifuta ya awali. Na leo Alhamisi kila familia inatengeneza programu ya wikendi. Harusi ya Kibwezi ilituma picha yake sekunde moja baada ya Kasyoki, ikamfuta mzee.

Nikarekebisha: kila picha ipate jina lake, ifunguliwe na mwenyewe tu, ifutwe kazi ikiisha.

“Jaribu sasa.”

Mzee akatokea na kofia yake. Nikashusha pumzi.

“Ile mbaya mlichapisha?”

“Moja. Mama ameing’ang’ania. Amecheka, Wayua. Hajacheka tangu Jumatatu.”