Siku Cheche Alipoiba Sayari

Mama Vifungo alipoona kwenye skrini meli za mdogo wake zinakuja mojamoja, zimejipanga kama watu wa foleni ya bombani, aliiweka kando nguo ya mteja aliyokuwa anaipinda.

"Huyu si Cheche," akasema peke yake.

Ule mchezo wa anga waliuanza tangu mvua za mwaka jana, yeye kwenye chumba chake cha cherehani, Cheche mji wa mbali alikokuwa akichomelea mageti. Ulikuwa mchezo mrefu, wa kulea sayari na kuviziana. Mmoja asipoingia, kompyuta humshikia nafasi, nayo kompyuta ilikuwa zuzu hasa: ukiilipua meli yake, inaleta nyingine palepale, kwa foleni ileile. Cheche alisema kuishinda ile ni sawa na kushindana mbio na kabati. Yeye mwenyewe angekuchekea mbele huku anakuzunguka kwa nyuma.

Mama Vifungo akampigia wifi yake.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kasafiri kikazi, wifi. Mzima kabisa."

"Presha ni yangu, naijua kuliko ninyi mnaonifichaficha. Sema."

Kwenye ukoo wao mwenye presha hapelekewi habari mbaya mpaka ipoe. Baba yao alipovunjika mguu, yeye aliambiwa mzee akiwa ameshaanza kutembea.

Wifi akashusha pumzi. Cheche alikuwa amepasuliwa, utumbo ulijisokota.

"Ameamka?"

"Ameamka," wifi akajibu, upesi mno.

Sasa hapo umwamini nani? Kila akipiga simu, anaambiwa anaendelea vizuri, kwa sauti ileile ya kukariri. Mama Vifungo akatia zipu kichwa chini, akafumua, akaitia tena vilevile. Akifungua mchezo, foleni ileile. Hata kuzilipua akaacha. Ilimuuma kupiga mali ya ndugu yake isiyojua kujitetea.

Asubuhi moja akafungua, foleni hakuna. Mbele imebaki meli moja kuukuu, inazungukazunguka kama iliyopotea njia. Akaikodolea macho. Halafu akashtuka, akatazama upande wa pili wa ramani. Sayari yake ya maji, aliyoilea kama mtoto wa kumzaa, imeshachukuliwa na Cheche!

"Mwizi!" akapiga kelele, machozi yanamtiririka, anacheka. "Mwizi mkubwa wewe! Mungu wangu, asante!"

Simu ikaita. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini yake.

"Dada, ndiyo nini kulala hivyo? Hata mlinzi hukuweka?"

"Nyamaza, utafumua nyuzi za watu."

"Usinichekeshe, panauma. Dada... wamekwambia?"

"Nani aniambie? Nilijua mwenyewe. Lini wewe ukaja kwangu kwa foleni?"

Cheche akacheka, akagugumia kwa maumivu, akacheka tena.

"Basi ile sayari ya madini niachie, nijiuguze nayo."

"Thubutu!"

Mama Vifungo akajifuta macho kwa upindo wa gauni, akavuta kiti karibu, akaanza kumpangia mashambulizi, bila huruma hata chembe.