Sauti ya Kiti cha Mbele

"Karibu sana, kaka. Wewe ni kiti cha saba, kule nyuma dirishani."

Mwanamke mwenye orodha ya wageni alimpa fundi viatu mkono, akatabasamu, akamwonyesha mlango wa gari. Mkono huohuo ulikuwa umemfunga kifungo cha shati saa moja iliyopita.

"Asante, dada," fundi akajibu. Mke wa miaka tisa, leo anamwita dada hadharani, hata jua halijachomoza vizuri.

Lakini ndiyo yalikuwa makubaliano yao. Kwa wiki tatu fundi alikuwa akimwambia mkewe aache hii kazi ya kutembeza watu, aje akae naye kibandani, apokee wateja. Mkewe hakubisha. Huyu mwanamke hakuwa na tabia ya kubisha. Ila Alhamisi, mgeni mmoja alipoghairi safari, alikuja na jibu lake. "Kuna kiti kiko wazi Jumamosi. Njoo uone ninachofanya. Tukirudi, ukiniambia bado unataka niache, nitaacha. Ila uwe mgeni kama wageni wengine. Sitaki kuchekwa kazini kwamba mume wangu amekuja kunichunga."

Fundi akakubali upesi. Moyoni alijiona ameshashinda kesi. Alichokuwa anakwenda kutafuta ni ushahidi tu.

Sababu ya kweli hakuwahi kumtajia. Nyumbani mkewe alikuwa mtu wa maneno matatu: ndiyo, bado, kesho. Alirudi jioni, akavua viatu, akapakua chakula, akala, akalala. Fundi alikuwa ameshaamini kwamba alioa mtu mkimya, na ukimya si dhambi. Mpaka siku ile mteja mmoja alipoleta kiatu kilichobanduka soli, akaeleza alikobandukia. "Tulikwenda kwenye maporomoko na kampuni fulani ya utalii. Kuna dada anatembeza watu pale, fundi, akifungua mdomo hutaki afunge. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma." Akaitaja kampuni. Akaeleza dada mwenyewe alivyo, hadi mwanya wa meno yake. Fundi alikishona kile kiatu kombo, ikabidi afumue na kuanza upya.

Tangu siku hiyo wivu ulikuwa unamtafuna polepole, kama mchwa kwenye fremu ya mlango. Kwa nje huoni kitu.

Gari lilikuwa dogo, la wageni saba. Kulikuwa na maharusi wapya waliobanana kana kwamba viti viwili ni kimoja. Kulikuwa na dada wawili wa tumbo moja waliobishana juu ya kila kitu, kuanzia dirisha. Kulikuwa na mzee mstaafu aliyebeba kofia mbili, na mama wa makamo aliyekuwa ameshasinzia kabla gari halijawashwa. Dereva alikuwa pande la mtu, wakimwita Breki kwa sababu katika miaka kumi na minne hajawahi kuikanyaga kwa ghafla.

"Redio, watu wametimia?" Breki aliuliza.

"Saba kamili. Twende, Breki, kabla jiji halijatuziba."

Fundi akageuka huku na huku kutafuta huyo Redio ni nani. Kisha mkewe akaketi mbele, akashika kipaza sauti, na fundi akajua.

"Mnaiona saa ya jengo lile? Imesimama hapo tangu niko darasa la pili. Mama yangu alikuwa akinisubiri na fimbo kwa kuchelewa kurudi kutoka shule, nami namwambia, mama, mimi nimefuata saa ya serikali. Alichapa, lakini alichapa huku anacheka, na fimbo ya anayecheka haiumi."

Gari zima likacheka. Mama aliyekuwa amesinzia alifungua jicho moja. Fundi hakucheka. Miaka tisa ameishi na huyu mtu, na habari ya fimbo ile anaisikia leo, bega kwa bega na watu sita asiowajua.

Jiji likaisha, mashamba yakaanza, na maneno hayakukatika. Mkewe alijua mlima upi ulikataliwa na reli na kwa nini. Aliigiza sauti ya mhandisi, akaigiza sauti ya mlima. Alijua kuwauliza wale dada wawili swali ambalo wangekubaliana, jambo ambalo pengine mama yao mzazi hakuliweza. Na sauti yenyewe ilikuwa pana, yenye kicheko chini yake, sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia chini ya bati lake.

Kilichomuuma zaidi ni pete. Mkewe alikuwa akiigonga kwenye kioo cha dirisha: mara moja, Breki anapunguza mwendo, mara mbili, anatafuta pa kuegesha. Hawakutazamana hata kidogo. Pete ile fundi aliivisha kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wazazi wa pande zote mbili, na sasa ndiyo inayozungumza na dereva.

Walifika kwenye maporomoko karibu saa nne. Kutoka maegesho hadi chini kulikuwa na ngazi mia mbili na ushee. Mkewe aligawa makoti ya mvua, akawaambia wageni wamshikie mzee kofia zake zote mbili.

"Goti langu linasumbua," fundi akasema. "Mimi nitabaki."

Mkewe akamtazama kidogo tu. Alijua goti lile halina lolote. "Sawa, kaka," akasema. "Breki, mtunzie mgeni wetu."

Fundi alikuwa amelipanga hilo tangu njiani. Alitaka kukaa na huyu Breki peke yao, amuulize hili na lile, amnase. Dereva alikaa kwenye jiwe kubwa kando ya gari, akafungua boksi la chakula, akamkatia fundi nusu ya mkate wake bila kumuuliza, kisha akanyoosha miguu.

Hapo fundi akaviona viatu.

Uzi ulikuwa wa nyuzi mbili, umepakwa nta, na fundo limefichwa ndani ya ukingo wa soli. Katika jiji zima ni mtu mmoja tu anayeficha fundo namna hiyo, na mtu huyo alikuwa anatafuna mkate. Akakumbuka. Mkewe alivileta vimefungwa kwenye gazeti, akasema ni vya mtu wa kazini. Kwa kuwa ni yeye aliyeomba, fundi alivipa soli mpya na kitambaa laini ndani, akavipiga rangi mara mbili. Kumbe alikuwa anampamba huyu.

"Viatu vyako vimeshonwa na mtu anayejua kazi," akasema, akirusha ndoano.

"Hivi?" Breki akaviangalia kwa mapenzi. "Mume wa Redio huyo. Sijawahi kumtia machoni, lakini namjua kuliko ninavyomjua shemeji yangu anayelala sebuleni kwangu."

"Unamjuaje kama hujamwona?"

"Ndugu yangu, wakati wa kurudi wageni wote hulala. Saa tatu nzima tunabaki wawili, na yeye hana habari nyingine. Mume wangu hivi, mume wangu vile." Breki akahesabu kwa vidole. "Akipokea kiatu anakinusa kwanza, eti harufu inamwambia kilikopita. Akishona anatoa ulimi pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika."

Fundi akaurudisha ulimi ndani, ingawa hakuwa anashona.

"Tena kuna bibi mmoja anamletea kiatu cha mguu mmoja, mwaka wa tatu sasa. Yeye anakitengeneza, anakipiga rangi, na hajawahi kumuuliza kingine kiko wapi. Redio akifika hapo, sauti inambadilika. Kusema kweli huwa nachoka kumsikiliza. Mke wangu hata rangi ya gari langu haijui."

Fundi alikuwa amekuja kumtafuta mwanaume wa kumchukia, na sasa amempata. Ni huyo mume wa garini. Alimwonea wivu kwelikweli: mtu anayetajwa kila Jumamosi kwa saa tatu, anayesifiwa ulimi wake na pua yake. Yeye wa nyumbani anaambiwa "bado" na "kesho". Ule mkate ulikuwa mkavu, akaumeza hivyohivyo.

"Kama anampenda kiasi hicho," akasema, na sauti ikatoka kali kuliko alivyotaka, "mbona mwenyewe hamwambii?"

"Unajuaje kwamba hamwambii?"

"Nakisia tu."

Breki akakung'uta makombo mapajani. "Mumewe hapendi kelele. Mwaka wao wa kwanza, Redio alikuwa akifika nyumbani anamsimulia kila kitu, wageni, barabara, vituko. Siku moja mume akamwambia, mke wangu, kutwa nzima nasikiliza watu na nyundo, nikifika nyumbani nataka masikio yangu yapumzike. Basi, akayapumzisha. Redio yenyewe inasema inazimwa mlangoni na kuwashwa garini." Akacheka kwa upole. "Sina ubaya naye. Kila mtu na nyumba yake."

Fundi akaitafuta kauli ile kichwani, akitumaini hataipata. Akaipata. Ilikuwa jioni ya mvua, amekosana na mteja, mdomo umejaa chakula. Alisema vile kama mtu anavyosema chumvi imezidi, na kesho yake alikuwa ameshasahau. Ulimi hauna mfupa. Mkewe, ambaye kazi yake ni kukumbuka habari za kila jiwe la njiani, hakusahau.

Kutoka chini ngazini kelele za wageni zilianza kusikika. Walipanda wameloa na kucheka, bwana harusi amembeba bibi harusi mgongoni, wale dada wawili wakibishana ni nani aliyeogopa. Mkewe alikuwa wa mwisho, amemshika mzee mkono, na koti lake la mvua alikuwa amelivaa mzee. Maji yalimtiririka usoni. Alikuwa katikati ya kisa, na mzee alikuwa amesimama ngazi ya mwisho, hataki kupanda mpaka kiishe. Fundi alimwonea wivu hata yule mzee.

Saa tisa waligeuza kurudi. Haukupita muda kabla wageni hawajalala, mmoja baada ya mwingine, na fundi naye akafumba macho, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akaachia mdomo wazi kidogo kama mtu aliyepotelea usingizini. Alisubiri. Alitaka kusikia lile la bibi mwenye kiatu kimoja, na namna sauti inavyobadilika. Hakutaka zaidi ya hapo.

Kilomita zikapita. Injini tu.

"Leo redio imekufa betri?" Breki akauliza chinichini.

"Nimechoka," mkewe akasema.

"Wewe? Siku zote barabara hii hunipi nafasi hata ya kukohoa."

"Leo nimechoka, Breki. Endesha tu."

Fundi aliendelea kufumba macho. Redio huzimwa mlangoni, na leo mlango umekuja nao, umekaa kiti cha saba. Koo lilimwasha, akashindwa hata kulisafisha, maana mtu aliyelala hasafishi koo. Saa tatu zote mkewe alitazama barabara, na katika saa hizo fundi alimtamani yule mume wa Jumamosi nyingine kuliko alivyowahi kutamani kitu.

Walishushwa kwenye kona ya mtaa wao, fundi kwanza, kama mgeni yeyote. Mkewe alishuka baada ya kuagana na Breki. Gari lilipoondoka wakatembea pamoja, na taa za maduka zilikuwa zinaanza kuwashwa. Mkewe alikuwa ameshika viatu mkononi. Alisubiri mpaka walipopita kwa kinyozi.

"Haya," akasema. "Umeona. Niambie."

"Jumamosi ijayo mnaondoka saa ngapi?"

Mkewe akasimama. "Kumi na mbili na nusu."

"Nitakuamsha kumi na moja."

Alimtazama, akasema, "Ndiyo." Kisha akaanza tena kutembea, na fundi akaona uso wa nyumbani unavyomrudia hatua kwa hatua kadiri lango lao lilivyokaribia. Alitaka kumwambia aongee. Alitaka kumwambia ameikumbuka ile jioni ya mvua, na yale maneno ya masikio. Maneno yote aliyoyatafuta yalikuwa ya mtu mwingine, ya yule mume wa garini, na yeye hakuwa na hata moja.

"Nyumba ile," akasema ghafla, akionyesha kwa kidole, "anakaa mtu anayemaliza kisigino cha kushoto tu. Cha kulia hakiguswi. Nimewaza miaka miwili anatembeaje."

Mkewe akageuza kichwa.

"Na pale juu, penye pazia la bluu, kuna viatu vya harusi vimewahi kuletwa mara nne kupanuliwa. Harusi yenyewe haijawa." Sauti yake ilikuwa nyembamba na kavu, na jasho lilimtoka shingoni. "Wa jirani yake huyo, yeye ana, yeye huwa... viatu vyake vinanuka bahari. Na bahari iko mbali na hapa. Sijamuuliza."

Walikuwa wamefika kwenye lango lao. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa fundi. Hakuutoa. Aliendelea mbele, macho yake yameganda kwenye lami, na baada ya hatua mbili akasikia nyayo za mkewe, peku, zikimfuata.

"Usiongee na barabara," mkewe akasema nyuma yake. "Mgeni akiwa mmoja, unamtazama yeye."

Fundi akageuka. Akaanza upya kutoka kwenye kisigino cha kushoto.