Kiwanja Jirani na Majogoo wa Badong

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, ingawa shemeji yangu Badong alinifuata kwa karibu sana.

Nilikuwa nimerudi Batangas na jasho la miaka yangu yote ya udereva Jeddah, na lote nilitaka kulimwaga kwenye banda la kuku wa nyama. Mama mkwe, Aling Conching, alikubali kutupa ardhi: ama kiwanja cha kando ya barabara, ama kile cha kilimani nyuma ya minazi. Kampuni ya kuku ingetuletea vifaranga iwapo tu mkaguzi wake angekipitisha kiwanja, naye alikuwa anakuja mara moja tu. Tukikosa, vifaranga wanakwenda kwa mwingine, nami narudi Jeddah.

Mimi nilitaka barabarani. Maji yapo, umeme upo, lori la chakula linasimama mlangoni. Kule kilimani hata mbuzi hupumzika njiani. Kasoro ilikuwa moja: kiwanja kilipakana na ua wa Badong, Badong anafuga majogoo wa kupiganisha, na kampuni haitaki ndege mwingine yeyote karibu na kuku wake.

"Hawa si kuku," Badong alisema. "Ni wanamichezo."

"Basi leo wanamichezo wanapumzika."

Mama mkwe alipokwenda kanisani tuliwakumbatia majogoo mmoja mmoja, tukavuka nao barabara hadi nyumbani kwake, tukawafungia stoo na kuziba madirisha kwa magunia. Jogoo akiwa gizani hawiki.

Mkaguzi, Bi Dimaano, alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti nyeupe za mpira. Alikizunguka kiwanja polepole, kisha akanyoosha kidole upande wa Badong.

"Vile vibanda vya pembetatu ni vya nini?"

"Vya mbwa," nikasema.

"Mbwa wote hao?"

"Shemeji ana huruma sana."

Badong akainamisha kichwa kama sanamu ya mtakatifu. Nilianza kupumua. Ndipo mke wangu Nening, ambaye hatukumwambia kitu, akamkaribisha mgeni kahawa. Wapi? Barazani kwa mama yake. Mgongo wa Bi Dimaano ukaelekea mlango wa stoo.

Kutoka ndani ikatoka chafya. Ndogo, yenye kukoroma.

"Nani mgonjwa?" Bi Dimaano akauliza.

"Mama mkwe," nikasema. "Kifua. Amelala."

"Nani amelala?" akauliza Aling Conching kutoka getini, na mwavuli wake wa kanisani.

Chafya ya pili. Bi Dimaano aliinuka, akafungua mlango. Mwanga ulipoingia, wanamichezo wote wakawika kwa mpigo, isipokuwa mmoja. Huyo uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba, puani kamasi. Badong akalitaja jina lake kwa sauti ya kilio.

Bi Dimaano hakugusa kitu. Alirudi nyuma, akaomba ndoo, akamimina dawa yake ya kuua vijidudu.

"Mafua ya kuku," alisema. "Cha barabarani sikipitishi majogoo hawa wakiwa jirani. Cha kilimani nakipitisha, mkichonga njia. Nataka jibu kabla sijamaliza kuosha buti."

Akaanza kusugua. Brashi ile ilikuwa inanisugua roho.

"Mama, sikiliza," nikamwambia mama mkwe. "Njia ya kilimani itatumaliza. Majogoo wabaki huku kwako moja kwa moja. Kiwanja kiko kule, ng'ambo. Bi Dimaano atakubali."

"Pidyong, nyamaza," Nening akasema.

"Sinyamazi! Jasho ni langu."

"Na kuku wote wakifa, utatoka jasho gani tena?"

"Watakufaje? Barabara yote ile, pana, ya lami! Ugonjwa una miguu?"

Buti ya kwanza ilikuwa imekwisha. Bi Dimaano akaingiza ya pili kwenye ndoo, hakutuangalia. Aling Conching alifunga mwavuli wake, akanisogelea, akabandua unyoya mwekundu kifuani pangu.

"Hauna miguu," alisema. "Ndiyo maana asubuhi umeubeba wewe, na shati hilohilo bado umelivaa."