Vidole Viwili vya Edson

Jumamosi hiyo, saa kumi kasorobo alasiri, Serafina alikuwa nyuma ya goli kwenye uwanja wa Segese akikoroga glukosi kwenye ndoo. Siku nyingine alikuwa muuguzi wa zahanati. Jumamosi alitibu vifundo vya miguu vya timu ya Karasha, timu ya wachimbaji. Edson, mshambuliaji wao, alipofunga goli la pili dhidi ya Buseresere, hakukimbilia kibendera cha kona kama kawaida yake. Alimfuata golikipa, akamnyooshea vidole viwili mfano wa bastola, akafumba jicho moja, akasema, "Pa!"

Golikipa akaanguka. Serafina alidhani msuli umembana. Alipofika na mkoba wake alikuta tundu chini ya mtulinga, na damu inachuruzika hadi kiunoni. Akaichokonoa risasi kwa koleo, akaona ni ndogo kama punje ya mtama.

Refa Januari alimwambia Edson aonyeshe mikono. Ilikuwa mitupu, ila ilinuka baruti. Januari akafikiri kidogo, akampa kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo.

Tangu siku hiyo uwanja ulikuwa unajaa kuanzia saa saba. Mechi iliyofuata Edson alifunga mara mbili, na mabeki wawili wakatolewa na matundu mapajani. Wauza mahindi ya kuchoma walihama nyuma ya goli la wageni. Ignas, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu na mwenye timu, alimtoa Edson kwenye kazi ya kushuka shimoni ili vidole vyake visije vikavunjika. Edson mwenyewe alishinda na glavu za sufu wiki nzima. Ukimuuliza njia, alikuelekeza kwa kidevu.

Fainali ikaileta timu ya Samuye. Golikipa wao alikuwa Ngusa, mchunga ng'ombe, mdogo wake Serafina wa mwisho, ambaye Serafina alimlea tangu mama yao alipofariki. Asubuhi ya mechi alikuja kunywa uji kwa dada yake.

"Sema unaumwa," Serafina alimwambia.

"Nikisema naumwa, atakaa mwingine golini. Naye ana dada."

"Ngusa."

"Dada, dawa yake ni moja tu. Nisifungwe."

Alipoondoka, Serafina alimfuata Edson kwake.

"Shikamoo, Mama Dorah," Edson alimwamkia.

"Marahaba. Edson, golikipa wa leo ni mdogo wangu. Funga, hata matano. Ila usishangilie."

Edson alizitazama glavu zake. "Miaka minne nilikuwa nikifunga, nawapa wapinzani mkono. Hata hapa Segese hakuna aliyelijua jina langu."

"Basi leo mpe mkono."

"Nitampa, mama."

Alisema kweli. Serafina aliuona ukweli huo usoni kwake, akarudi nyumbani akajiandaa.

Ngusa alidaka mashuti ya karibu na ya mbali. Alidaka penalti, akaikumbatia kifuani mpaka refa akamwambia auachie mpira. Dakika ya themanini na tisa krosi ilitoka kulia, Edson akaruka, akapiga kichwa, mpira ukaingia.

Ngusa alikuwa amelala chini. Edson alimwendea taratibu, mikono ikiwa mgongoni. Akamnyooshea mkono amwinue, na Ngusa akaupokea.

Uwanja mzima ukazomea. Chupa za maji zikaanza kuruka. "Piga! Piga!" Ignas alisimama juu ya bodi la gari lake, akapunga kofia kufuata mlio wa watu. Edson aliwatazama, kisha akamtazama Serafina, kisha akauchomoa mkono wake kwenye mkono wa Ngusa.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. Na kwa sauti ya chini kabisa: "Pa."

Ilimpata juu ya nyusi ya kushoto. Serafina alifika na mkoba, hakuufungua. Alimfumba macho. Golikipa wa akiba alipiga magoti akamvua marehemu glavu, maana Samuye walikuwa na jozi moja tu. Wakambeba hadi kando ya mstari, wakamfunika kitenge. Januari aliangalia saa, akaongeza dakika nne. Ndani ya hizo nne mpira ulitoka ukagonga mguu wa Ngusa, na mshika kibendera akaonyesha kuwa ni wa kurusha, wa Samuye.

Karasha wakachukua ubingwa. Samuye wakapewa kikombe cha nidhamu, kwa kuwa hawakumtukana refa. Nahodha wao alikuwa analia hawezi kutembea, basi akaitwa ndugu wa marehemu.

"Mmetuonyesha uanamichezo," Ignas alimwambia Serafina, akimkabidhi.

Serafina alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Akapita katikati ya watu waliokuwa wakipiga picha na Edson, akasimama mbele yake, akamwekea vidole viwili kwenye paji la uso. Vilikuwa bado na damu. Edson aliwasogeza wenzake pembeni, akafumba macho, akangoja.

"Pa," Serafina alisema.

Akavikandamiza zaidi.

"Pa," alisema tena. "Pa. Pa."

Vilikuwa vidole tu. Edson alifumbua macho, machozi yakimtiririka, na watu wakacheka, wakampigia makofi Mama Dorah kwa kujua kushangilia.